Albamu nne za roki mbadala za 1988 na 1989: uanze na ipi?

Binamu yangu anajifunza gitaa. Mwezi uliopita alinijia na swali: "Kaka, kila nikisoma habari za roki mbadala, wanarudi mwishoni mwa miaka ya themanini. Nianze na albamu ipi?" Nikamtajia moja palepale, ile ninayoipenda kuliko zote. Siku mbili baadaye akarudi amekunja uso. Alikuwa ameisikilizia kwenye spika ya simu, ndani ya daladala, vipande vipande, na hakuambulia kitu zaidi ya kelele. Albamu haina ubaya, wala yeye hana. Nilimpa bila kumuuliza anasikilizia wapi, kwa chombo gani, na ana dakika ngapi.

Kwa hiyo nimezirudia albamu nne za kipindi kile, moja baada ya nyingine, nikijaribu kuzisikia kama mtu anayeanza. Zote zilitoka ndani ya miezi saba hivi. "Daydream Nation" ya Sonic Youth, bendi ya New York, ilitoka Oktoba 1988. "Doolittle" ya Pixies, vijana wa Boston, ikafuata Aprili 1989. "Disintegration" ya The Cure ya Uingereza ilitoka Mei 1989, na mwaka huohuo Manchester ikatoa "The Stone Roses", albamu ya kwanza ya bendi yenye jina hilohilo. Nimeacha nje nyingine ninazozipenda, kama "Isn't Anything" ya My Bloody Valentine na "Green" ya R.E.M., zote za 1988. Nne zinatosha kwa mtu ambaye tayari amekwama.

Vigezo nilivyotumia

Kwanza, wimbo wa kufungulia unakupokeaje. Pili, magitaa yanafanya kazi gani. Tatu, sauti ya mwimbaji na maneno yake. Nne, muda unaohitajika na chombo cha kusikilizia. Sikuweka kigezo cha ipi iliubadilisha muziki zaidi. Hilo ni swali zuri kwa mwanahistoria, lakini halimsaidii mtu aliyeshika simu yenye bando la jioni moja.

Wimbo wa kufungulia

"Doolittle" haipigi hodi. "Debaser" unaanza na besi ya Kim Deal peke yake, gitaa linaingia, na kabla hujakaa sawa Black Francis anapiga kelele kuhusu kukatwa kwa mboni ya jicho. Picha hiyo ameitoa kwenye filamu fupi ya 1929 ya Luis Buñuel na Salvador Dalí, lakini huhitaji kuijua ili wimbo ukushike. Dakika tatu hazijatimia, umekwisha. Kama hukuupenda, sioni kitu mbele kitakachokubadilisha mawazo, na huo ni ukweli unaokuokolea muda.

"The Stone Roses" inafanya kinyume. "I Wanna Be Adored" unaanza na mvumo hafifu, kama mashine inayoungurumia chumba cha pili. Besi ya Mani inajitokeza polepole, gitaa la John Squire linashuka noti kwa noti, ngoma za Reni zinakuja mwisho. Zaidi ya dakika moja inapita bila kumsikia mwimbaji, na akifika ana mistari michache tu anayoirudia. Ni kama kusimama mlangoni pa ukumbi ukisikia bendi inapasha vyombo, halafu ghafla unagundua umeshaingia na unacheza.

"Disintegration" inabidi nikutahadharishe. "Plainsong" unaanza kwa kengele ndogo za upepo, chini sana, kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani sauti imegoma nikapandisha hadi mwisho. Kisha vinanda, magitaa na ngoma vikapasuka kwa pamoja na nusura niitupe hedifoni. Nimeshausikiliza mara nyingi tangu siku ile na bado mwili unashtuka. Robert Smith mwenyewe haanzi kuimba mpaka zaidi ya dakika mbili zipite.

"Daydream Nation" inafungua na "Teen Age Riot", karibu dakika saba. Kwa zaidi ya dakika moja gitaa linazunguka taratibu huku Kim Gordon akinong'ona maneno yasiyoshikana. Halafu kimya kidogo, gitaa moja linaanza mkwaju mkavu (kipande kifupi cha noti kinachojirudia), la pili linaliunga, na Steve Shelley anaingia na ngoma. Kutoka hapo ni mbio. Watu wengi wanaouacha wimbo huu wanauacha katika ile dakika ya kwanza. Vumilia mpaka hapo kwenye mkwaju ndipo uamue.

Magitaa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu albamu hizi ni za magitaa na kila moja ina jibu lake kuhusu kazi ya gitaa.

Tuliokulia kwenye muziki wa dansi tuna ramani kichwani: solo ana kazi yake, rithimu ana yake, besi ana yake, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Sonic Youth waliichana ramani hiyo. Thurston Moore na Lee Ranaldo walikuwa wamepita kwenye vikosi vya magitaa vya mtunzi Glenn Branca jijini New York, na humo walizoea kulitazama gitaa kama chanzo cha mlio badala ya chombo cha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Walifunga nyuzi kwa namna zao, gitaa hili kwa wimbo huu na lile kwa wimbo ule, na waliwahi kuchomeka hata bisibisi na vijiti vya ngoma chini ya nyuzi. Binamu yangu alijaribu kutafuta kodi za "Teen Age Riot" kwa gitaa lililofungwa kawaida akashindwa, akadhani hajui kupiga. Anajua. Kodi hizo hazipo kwenye gitaa lake. Katika albamu hii huwezi kusema nani solo na nani rithimu; magitaa mawili yanasukana mpaka mlio wa tatu unazaliwa katikati, ambao hakuna anayeupiga. Katikati ya "Silver Rocket" wimbo unaporomoka kabisa kuwa kelele tupu, kisha unajikusanya na kurudi kwenye mkwaju wake kana kwamba hakuna kilichotokea. Cha kushangaza ni kwamba yote yanasikika kwa uwazi. Walirekodi katika studio ya Greene Street wakiwa na fundi Nick Sansano, aliyekuwa akifanya kazi na kundi la hip hop la Public Enemy, na ngoma zina ule uzito wa hip hop ya wakati ule unaozizuia kelele zisisambae.

Squire wa The Stone Roses yuko upande mwingine kabisa. Ni mpiga solo kwa maana tunayoijua: noti safi, zinazotiririka, zinazoimba. Sikiliza "Waterfall" uone anavyovunja kodi noti moja moja bila kuchoka. Wimbo unaofuata, "Don't Stop", ni mkanda wa huohuo "Waterfall" ukichezwa kinyumenyume na kuwekewa maneno mapya. Kuna wanaouruka kila mara, mimi siuruki. Ila anayetaka kujua albamu hii ina nini kwa msikilizaji wa kwetu aende moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho, "I Am the Resurrection". Mashairi yanakwisha kabla wimbo haujafika nusu ya dakika zake nane. Unadhani umemalizika. Kisha besi inaanza kutembea, Reni anaibadilisha ngoma, Squire anaachia, na kwa zaidi ya dakika nne waimbaji hawana kazi tena. Sijui uite nini kama si sebene. Hawakuitoa Kinshasa, walikuwa wakisikiliza fanki na muziki wa kumbi za dansi za mji wao, lakini mwili wa aliyekulia kwenye rumba unajua la kufanya bila kuambiwa.

Pixies wanakwenda kwa uchache. Joey Santiago anaweza kupiga noti mbili, akazipinda mpaka zilie, akanyamaza. "Tame" umejengwa juu ya kodi tatu tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinachobadilika ni nguvu. Mnong'ono, ukelele, mnong'ono, ukelele. Mtindo huo wa kushusha kwenye beti na kulipua kwenye kiitikio ndio Kurt Cobain wa Nirvana alikiri mwaka 1994, alipohojiwa na jarida la Rolling Stone, kwamba alikuwa akiuiga alipotunga "Smells Like Teen Spirit". Kwa anayejifunza gitaa, hii ndiyo albamu atakayoweza kuipiga wiki hiihii.

Kwa The Cure, gitaa ni rangi. Limelowekwa kwenye mwangwi mpaka huoni nyuzi, unaona ukungu tu. Mzigo unabebwa na besi ya Simon Gallup, hasa kwenye "Fascination Street", pamoja na gitaa la besi la nyuzi sita ambalo Smith hulitumia kupiga melodi zilizo chini ya solo na juu ya besi. Katika "Pictures of You" sauti hizo zinaachwa ziongee kwa takriban dakika mbili kabla ya neno la kwanza. Ukitafuta mpiga gitaa wa kushindana naye, hapa hutampata. Hakuna anayejionyesha.

Sauti na maneno

Black Francis anaimba, anabweka, anahema, anatambaa chini ya meza. Maneno yake yanatisha, lakini aliyepita shule ya Jumapili atakuwa na ufunguo ambao wengi hawana: "Gouge Away" ni Samsoni na Delila, "Dead" ni Daudi, Bathsheba na Uria. Francis alilelewa kwenye familia ya kilokole na hadithi hizo zilimganda. "Monkey Gone to Heaven", wenye vayolini na selo, unahusu uchafu tunaoutupa baharini na tundu tulilolitoboa angani. Pembeni yake Kim Deal anaitikia kwa sauti tulivu, na utulivu huo ndio unaofanya ukelele uvumilike. Damu ni nyingi humu, niseme wazi. Kama una watoto wanaoelewa Kiingereza vizuri, tumia hedifoni.

Ian Brown wa The Stone Roses ana sauti ndogo, na kwa kweli huo ndio udhaifu wa albamu yao. Haimbi kwa nguvu wala kwa ustadi. Ananong'ona kwa majivuno. Lakini anachokinong'ona kina meno. "Elizabeth My Dear", wa dakika moja tu, umechukua melodi ya wimbo wa kale wa Kiingereza, "Scarborough Fair", na kuutumia kumtakia malkia mwisho. "Bye Bye Badman" umetokana na maandamano ya Paris ya Mei 1968, ambako waandamanaji walitumia malimau kupunguza makali ya mabomu ya machozi. Ndiyo maana kwenye jalada, alilolichora Squire, kuna vipande vya malimau.

Sonic Youth wana waimbaji watatu, na hakuna hata mmoja ambaye ungemwalika kwaya. Moore anaimba kama anayeongea akitembea, Ranaldo kama anayesoma barua ndefu, Gordon kwa sauti kavu inayokutazama usoni. Katika "Kissability" anaigiza mwanamume mwenye cheo kwenye biashara ya burudani anayemrubuni msichana kwa ahadi za kumfanya nyota. Ni wimbo mgumu kuusikiliza, na unapaswa kuwa hivyo.

Robert Smith alikuwa anakaribia miaka 30 na jambo hilo lilimlemea. Hiyo ndiyo albamu nzima: muda unaondoka, mapenzi yanaoza, na yeye anaomboleza kwa sauti inayokatika. Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha wenzake wote watatu, kwa hiyo ukiwa na Kiingereza cha shule ya sekondari utaelewa karibu kila mstari. Katikati ya huzuni kuna "Lovesong", wimbo mfupi alioutunga kama zawadi ya harusi kwa mkewe Mary; ulifika namba 2 kwenye chati ya Marekani.

Muda na chombo

"Doolittle" ni nyimbo 15 ndani ya dakika zisizofika 39. "Crackity Jones" hauna hata dakika moja na nusu. "The Stone Roses" ni nyimbo 11, dakika 49 hivi. "Daydream Nation" na "Disintegration" zote zinavuka dakika 70, na "Daydream Nation" inamalizia na nyimbo tatu zilizounganishwa zenye dakika 14 hivi. Hizi mbili hazikatwi vipande. Ukisikiliza "The Same Deep Water as You" peke yake, dakika zake tisa zitakuchosha; ukiufikia baada ya zile zilizotangulia, unakuwa umeshalowa.

Kuhusu chombo, spika ya simu inamuua The Cure kwanza, kwa sababu besi inapotea na vinanda vinageuka mluzi. Wenyewe waliandika kwenye jalada kwamba muziki umechanganywa ili upigwe kwa sauti ya juu. Sonic Youth nao wanaharibika, maana magitaa mawili yanabanwa kuwa moja na ule mlio wa tatu haupo tena. "Providence", wenye piano, mngurumo wa amplifaya na ujumbe wa simu wa rafiki yao Mike Watt, mpiga besi, unakuwa fujo tupu. Pixies wanapona popote, hata kwenye spika ya bodaboda. The Stone Roses wako katikati: magitaa yanafika, ngoma za Reni zinapungua utamu.

Neno kwa wanaonunua santuri za zamani au kupakua. Santuri ya kwanza ya "Disintegration" ilikuwa na nyimbo 10. "Last Dance" na "Homesick" zilibaki kwenye CD kwa sababu hazikutosha kwenye santuri. Na "The Stone Roses" ina matoleo yenye "Elephant Stone" au "Fools Gold" ndani yake. Ni vibao vizuri, ila toleo la awali la Uingereza linakwisha na "I Am the Resurrection", na baada ya sebene ile hakuna wimbo unaopaswa kufuata.

Kila moja inamfaa nani

"Doolittle" inamfaa asiye na subira, anayejifunza gitaa, na anayependa wimbo umalizike akiwa bado anautaka. Haimfai anayetaka kutulia. "The Stone Roses" inamfaa anayesikiliza kwa miguu, aliyezoea dansi na rumba, na anayeogopa neno roki kwa kudhani ni kelele. Anayetaka sauti kubwa ya mwimbaji atasikitika. "Disintegration" inamfaa mtu wa usiku, aliyeachwa, aliyefiwa, anayesubiri, na yule anayetaka maneno yanayoeleweka. Mwendo wake haubadiliki sana, na anayehitaji kuchangamshwa atasinzia. "Daydream Nation" inamfaa anayejua muziki kidogo na amechoka kujua kitakachofuata. Anayetaka melodi ya kuimba bafuni, asianze hapa, ingawa nasisitiza asianze, sikusema asifike.

Kwa hali yako

Ukiwa na daladala ya nusu saa asubuhi na simu tupu, chukua "Doolittle" na usihofu ukiikatiza.

Ukiwa unapika Jumamosi, spika ya bluetooth iko dirishani na watu wanaingia na kutoka, weka "The Stone Roses". Hakuna atakayekuomba ubadilishe, isipokuwa labda kwenye "Don't Stop".

Ukiwa safarini usiku kwenye basi la mkoani, taa zimezimwa, hedifoni zina chaji, weka "Disintegration" tangu kengele za upepo. Anza na sauti ya chini kwanza, kisha pandisha baada ya ule mlipuko.

Ukiwa umeshazipenda mbili kati ya hizo, na una saa moja na robo ambayo hakuna atakayekuita, ingia "Daydream Nation" kwa hedifoni, kila upande ukiwa kwenye sikio lake sahihi. Ranaldo na Moore wanasikika pande mbili, na nusu ya raha ni kumfuata mmoja wimbo mzima, kisha kurudia ukimfuata mwenzake.

Na kama ni mwanafunzi wa gitaa kama binamu yangu, jifunze "Tame" leo, jaribu mwanzo wa "Waterfall" baada ya mwezi. Juzi alinipigia simu saa nne usiku, hakusalimia hata. Akaiweka simu karibu na gitaa na kupiga zile kodi tatu, chini, juu, chini, juu, mpaka mama yake akamwita.